Unga wa Protini Badala ya Mlo: Mwenye Kisukari Ajihadhari

Wapo wanaoacha mlo wakanywa unga wa protini ili wapungue. Uzito hushuka kweli. Huko Uingereza, utafiti wa DiRECT uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa kisukari vinywaji vya kalori zipatazo 850 kwa siku; baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilitulia bila dawa. Lakini vile vilikuwa na vitamini na madini, si protini tupu ya wanyanyua vyuma. Na vidonge vyao vya sukari vilisimamishwa na matabibu siku ya kwanza. Anayemeza glibenklamaidi au kuchoma insulini akaacha ugali wake, sukari huporomoka: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Muone tabibu kabla ya kununua kopo. (Soma pia kama lina jelatini, na ya mnyama gani.)