Sevisi ya Dakika Kumi na Tano Inagharimu Nini?

Ukiwasikiliza watu waliolizwa na vituo vya kubadilisha oili chapuchapu, oili yenyewe hutajwa kwa nadra. Kinachotajwa ni bolti iliyokazwa kwa mashine ya upepo mpaka meno yakafa, pete ya mpira iliyosahaulika kwenye injini, kava la chini lililorudishwa kwa vibano viwili wakati lilikuja na vinane, au bili iliyoanza na elfu sabini ikaishia laki na ushee. Kazi nzima ni nyepesi, na wepesi wake ndio mtego. Kwa kuwa kila mtu anaamini haiwezi kuharibika, hukabidhiwa kijana aliyeanza kazi Jumatatu.

Kwa mwenye gari wa Dar es Salaam njia ziko nne. Kuna kituo cha haraka, ambacho mara nyingi hukaa ndani ya sheli kubwa, kikiwa na bango la dakika kumi na tano na viti vya kusubiria. Kuna fundi wa gereji ya mtaa, wa Sinza, Ilala au Mbagala, ambaye unampelekea oili uliyonunua mwenyewe. Kuna wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Halafu kuna wewe mwenyewe na jeki, stendi na beseni. Hii ya nne naiheshimu sana, ila anayepanga ghorofa ya tatu Kariakoo atanishangaa nikimshauri.

Tuanze na hesabu, kwa gari ambalo huwezi kukaa foleni ya Ubungo bila kuliona: Toyota IST, tuseme yenye injini ya 1NZ-FE ya sisi 1,500. Injini hiyo hunywa lita 3.7 za oili pale filta nayo inapobadilishwa. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo namba ninazotumia ni za mfano tu. Weka za dukani kwako. Tuseme dumu la lita nne la oili ya kawaida ni shilingi 45,000, filta 10,000 na ufundi wa mtaani 10,000. Jumla 65,000. Kituo cha haraka kitakuuzia dumu lilelile 55,000 na filta 15,000, kisha kikuambie ufundi ni bure. Jumla 70,000. Tofauti ya elfu tano kwa ajili ya kiti, kivuli na risiti ni ndogo, na mimi sitamlaumu mtu anayeilipa. Wakala atakuwa juu zaidi, pengine mara mbili.

Kama mambo yangeishia hapo, kituo cha haraka kingeshinda bila ubishi. Lakini gari likishapanda juu, fundi anakuja na kitu mkononi. "Bosi, filta ya hewa imekufa hii, ona." Ni kweli ina vumbi, filta ya hewa isiyo na vumbi katika mji huu bado iko dukani. Hiyo weka 25,000. Kisha kuna dawa ya kusafisha injini, 15,000, "maana oili yako ilikuwa nyeusi sana, mama." Oili nyeusi ni oili iliyofanya kazi yake ya kubeba uchafu, weusi peke yake hausemi injini inaumwa. Sasa uko 110,000, na ule ufundi wa bure umekuwa ndio ghali kuliko wote.

Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Ulikomaa Marekani, ambako Jiffy Lube ilianzia jimbo la Utah mwaka 1971: gari linaingia juu ya shimo, mmoja anamwaga chini, mwingine anajaza juu, dereva hashuki. Bei ya oili huwekwa chini ili ikuvute uingie, na faida hutafutwa kwenye vya ziada. Mwaka 2006 televisheni ya KNBC ya Los Angeles ilitumia kamera za siri na kuonyesha matawi ya kampuni hiyo yakiwatoza wateja kwa kazi ambazo hazikufanywa. Palepale Marekani ndipo ulipoota mizizi ule mwiko wa kubadilisha kila maili 3,000, ambao stika za vioo vya magari bado zinauhubiri huku vitabu vya magari vikiwa vimekwisha kuuacha.

Tuje kwenye uharibifu, maana hapo ndipo gharama halisi ilipojificha. Bolti ya kumwagia oili ya IST hutakiwa kukazwa kwa takriban Nm 38. Shika spana ya sentimita 20, ning'iniza kilo 20 kwenye ncha yake, umefika. Mashine ya upepo inayofungulia nati za tairi haijui kipimo hicho. Ikishazidisha mara mbili tatu, meno ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, yanalegea, na sevisi inayofuata bolti inazunguka bila kukaza. Kituo kitakwambia gari lilikuja hivyo. Na huenda kinasema kweli, kwa sababu aliyeua meno ni yule wa sevisi iliyopita, ambaye naye alikuwa na haraka. Tiba ni kuchonga meno mapya au kununua sampu nyingine. Tiba ya mtaani ni silikoni na sala.

Pete ya filta ni mbaya zaidi. Filta ya zamani ikifunguliwa, mpira wake wakati mwingine hubaki umenata kwenye injini. Asiyepitisha kidole pale hufunga filta mpya juu ya mpira wa zamani. Kituoni hakuna kinachovuja. Unaondoka umeridhika, injini inapata moto, presha inapanda, na mahali fulani kabla ya Kibaha mipira miwili inateleza na oili yote inamwagika ndani ya muda mfupi. Taa nyekundu yenye alama ya birika inawaka. Taa hiyo haisemi oili imepungua kidogo; inasema presha imeondoka, na kila dakika unayoendelea kuendesha injini inajisaga yenyewe. Zima gari palepale ulipo, hata kama ni katikati ya barabara na wa nyuma wanapiga honi.

Wenye Subaru, ambao Nairobi ni wengi kuliko Dar, wana kisa chao. Chini ya baadhi ya Subaru za otomatiki, bolti ya kumwagia mafuta ya gia boksi iko nyuma kidogo ya ile ya injini. Mwenye haraka hufungua ya gia boksi, huona mafuta yanatoka, hufunga, kisha humimina oili mpya kwenye injini ambayo haikumwagwa. Gari linaondoka na injini yenye oili karibu mara mbili na gia boksi tupu. Injini hutoa povu na moshi, gia huanza kuteleza, na mwenye gari hugundua kilomita chache mbele kwamba dakika kumi na tano zimemnunulia gia boksi. Nissan Note na ndugu zake wenye gia boksi za CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, nao wako hatarini kwa njia nyingine: fundi anayekushawishi ubadilishe "haidroliki" akakuwekea ile ya kawaida ya otomatiki amekuulia gia boksi. CVT ina mafuta yake, na kwa Nissan huandikwa NS-2 au NS-3 kutegemea gari. Kama hajui herufi hizo, asiguse.

Halafu kuna filta zisizo za kopo. Injini za Toyota kama 2ZR, zilizomo kwenye Corolla na Allion nyingi, hutumia filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe chenye kingo za pembe. Kikombe hicho kina kifunguo chake, kipande cha chuma cha bei ndogo tu, na bado kuna mahali utakuta kinafunguliwa kwa mnyororo na nyundo. Uliza kabla gari halijapanda.

Nisije nikaonekana nampamba fundi wa mtaa. Ana madhambi yake na mengine ni mazito. Filta yake ya elfu nne ina maandishi ya Toyota yenye herufi zilizopinda. Ana pipa la oili ya kupima ambayo hakuna ajuaye ilikotoka. Dumu tupu ulilomwachia linaweza kuuzwa kwa mtu atakayelijaza tena na kulifunga upya. Ondoka nalo, au litoboe mbele yake, hatakasirika. Risiti hana. Na anapenda kusema kwamba gari limezeeka, liwekewe nzito, 20W-50, hata kama kitabu kimeandika 5W-30. Kwa injini iliyochoka inayokula oili, nzito si dhambi, na katika joto letu inavumilika. Ila kwa injini nzima yenye VVT-i, ambayo hurekebisha vali kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, sioni sababu ya kuikamua.

Jambo moja linamweka mbele: unasimama kando yake. Unaona bolti ikifungwa kwa mkono, unaona kidole kikipita pale pa filta, na kesho ukirudi yupo chini ya mwembe uleule. Kwenye kituo cha haraka unaambiwa usubiri ndani kwa sababu za usalama, na ukirudi baada ya mwezi yule kijana ameshahamia kwingine. Ukipima bei, pima na hilo.

Tofauti ya oili ya kawaida na sintetiki huwatisha watu kuliko inavyostahili. Toyota kwa soko la Japani imekuwa ikiandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa gari la petroli lisilo na taabu, na 7,500 au miezi sita kwa matumizi magumu. Foleni, vumbi na safari fupi ndiyo matumizi magumu, kwa hiyo Dar iko kwenye kundi la pili. Chukua kilomita 15,000. Kwa oili ya kawaida kila 5,000 ni sevisi tatu za 65,000, yaani 195,000. Kwa sintetiki ya 95,000 kila 7,500 ni sevisi mbili za 115,000, yaani 230,000. Tofauti ni 35,000, kama shilingi mbili na senti kadhaa kwa kilomita, na umepunguza mara moja ya watu kufungua bolti yako. Kwangu hiyo mara moja iliyopungua ina thamani kuliko maandishi ya dhahabu kwenye dumu. Sharti ni kwamba dumu liwe halisi: nunua kwa msambazaji anayejulikana, angalia kizibo na muhuri, na tazama daraja la API, yaani alama ya kiwango cha oili, nyuma. SP lilianza 2020, SN 2010. SG na SF ni madaraja ya zamani yanayoendelea kuuzwa kwa sababu tu hakuna anayegeuza dumu kusoma.

Kwa IST, Vitz au gari lolote la kawaida lenye filta ya kopo, mimi ningenunua oili na filta mwenyewe, nikaenda kwa fundi asubuhi injini ikiwa na joto kidogo, nikasimama. Kwa Subaru na magari yenye CVT ningekwepa kituo cha haraka kabisa, niende kwa fundi wa gari hilo hata kama ni foleni ya nusu siku. Gari ambalo bado lina dhamana ni la wakala, au angalau liwe na risiti zinazotaja daraja la oili. Na aliye safarini, akapitiliza kilomita, akakuta kituo cha haraka Morogoro, aingie bila wasiwasi mwingi, ila akatae kila kitu isipokuwa oili na filta, na aombe bolti ifungwe kwa mkono. Wengi hukubali ukiomba kwa adabu: "Kaka, hiyo bolti nifungie kwa spana, tafadhali."

Kabla ya kuondoka, popote pale, kuna dakika tano ambazo ni zako. Injini iwashwe kwa muda mfupi, izimwe, isubiriwe, kisha wewe mwenyewe uchomoe kijiti cha kupimia. Oili ikae kati ya alama mbili. Ikiwa dumu la lita nne limerudi tupu kwa injini inayohitaji lita 3.7, hakuna aliyepima. Hiyo robo lita na ushee haitaiua injini, lakini inakuambia kazi nyingine ilifanywaje. Inama utazame chini. Safiri siku ya kwanza karibu na nyumbani, wala usifanye sevisi jioni ya kuamkia safari ya Arusha.

Risiti iandikwe namba ya gari, kilomita zilizosomeka, aina ya oili na daraja lake. Ya mashine ya kodi ya EFD yenye neno "sevisi" tu haitakusaidia ukirudi na gari linalovuja. Picha ya simu ya sakafu, kijiti na dashibodi inatosha kuanzia mazungumzo na meneja. Na kama tatizo ni oili au filta bandia, Dar kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo bidhaa bandia ni kazi yake. Kenya ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Wapelekee dumu lenyewe, likiwa na kizibo.