Opera iliyomkera Stalin haipimwi kwa kelele za chumbani

Mtu anayeitafuta opera kubwa ya Dmitri Shostakovich hukutana na majina mawili. Rekodi moja imeandikwa Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk, nyingine imeandikwa Katerina Izmailova. Mhusika mkuu ni yuleyule, maiti ni zilezile, na safari inaishia kwenye njia ileile ya Siberia. Lakini kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka 30, na katikati yake kuna tahariri moja ya gazeti iliyombadilishia mtunzi maisha. Kwa hiyo anayechagua rekodi hachagui sauti nzuri tu. Anachagua pia amsikilize Shostakovich yupi: kijana wa miaka 26 aliyeimaliza kazi hii mwishoni mwa 1932, au mtu mzima wa miaka 56 aliyeirudisha jukwaani kwa tahadhari.

Rekodi zenyewe si nyingi. Opera hii inataka okestra kubwa, kikosi cha ziada cha matarumbeta, kwaya inayoweza kuigiza ulevi na njaa, na mwanamke mwenye pumzi ya kuubeba mchezo wa saa mbili na nusu karibu peke yake. Zinazogombewa zaidi na wapenzi wa opera ni nne: ya Moscow iliyoongozwa na Gennady Provatorov, ya London ya Mstislav Rostropovich ya mwaka 1978, ya Paris ya Myung-Whun Chung ya mwaka 1992, na video ya Amsterdam ya Mariss Jansons ya mwaka 2006. Wanaozilinganisha huanzia karibu kila mara kwenye tukio la mapenzi la chumbani, kwa kuwa ndilo lililoipa opera sifa mbaya. Si mahali pazuri pa kuanzia. Okestra yoyote yenye nguvu inaweza kupiga kelele. Kinachozitofautisha rekodi hizi ni uwezo wa kumfanya msikilizaji amwonee huruma muuaji.

Uyoga wa baba mkwe

Kisa kimetoka kwenye hadithi ya Nikolai Leskov ya mwaka 1865. Katerina ameolewa na Zinovy, mfanyabiashara wa unga. Hana mtoto, na siku nzima anashinda ndani chini ya ulinzi wa baba mkwe, Boris, mzee mkali ambaye naye ana jicho la tamaa. Anaingia Sergei, kibarua mpya mwenye ulimi wa asali. Boris anapomnasa Sergei akitoka chumbani kwa mkaza mwana na kumcharaza viboko, Katerina anamtilia mzee sumu ya panya kwenye uyoga. Mume anaporudi safarini, wapenzi hao wanamuua na kumficha kwenye ghala lililo chini ya nyumba. Siku ya harusi yao mlevi anayetafuta pombe anavunja kufuli, anakutana na maiti, anakimbilia polisi. Wanahukumiwa kwenda Siberia. Njiani Sergei anamgeukia mfungwa mwingine, Sonetka, na anamlaghai Katerina ampe soksi zake za sufu, kumbe anakwenda kumhonga nazo huyo mpya. Katerina anamsukuma Sonetka majini, kisha naye anajitosa.

Kwa Leskov, Katerina anaua pia mtoto mdogo aliyekuwa mrithi wa mali ya mumewe. Shostakovich na mwenzake aliyeshirikiana naye kuandika maneno ya opera, Alexander Preys, walilifuta tukio hilo lote. Mtunzi hakuficha sababu yake: alitaka wasikilizaji wawe upande wa Katerina. Kazi yote aliitunuku kwa Nina Varzar, aliyemuoa mwaka huohuo wa 1932.

Hata muziki umepangwa kwa upendeleo. Boris amepewa walsi, polisi na wageni wa harusi wamepewa midundo ya sarakasi, na mume ana sauti nyembamba inayochekesha. Katerina peke yake ndiye mwenye nyimbo ndefu zenye nafasi ya kuvuta pumzi. Boris anapokata roho, padri aliyeitwa kumwombea anatoa porojo kuhusu uyoga kwa kijimuziki chepesi. Papo hapo okestra nzima inalipuka na kuingia kwenye pasakalia, yaani muziki unaojengwa juu ya fungu moja la besi linalorudiwa tena na tena huku vyombo vikiongezeka juu yake. Kwa dakika kadhaa haimbi mtu. Mzaha umekwisha, na mzee aliyekuwa kichekesho dakika moja iliyopita sasa ni maiti kweli. Rekodi ambayo haimpi msikilizaji baridi mahali hapa, haitampa popote.

Usiku wa Januari 26

Opera ilifunguliwa Leningrad Januari 22, 1934, chini ya Samuil Samosud, na siku mbili baadaye ikaanza Moscow. Kwa miaka miwili ilijaza kumbi. Mwaka 1935 ilifika Cleveland na New York. Kisha, Januari 26, 1936, Stalin alikwenda kuitazama Moscow akiwa na viongozi wenzake Molotov, Mikoyan na Zhdanov, akaondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye gazeti la chama, Pravda, lilichapa tahariri isiyo na jina la mwandishi, iliyouita muziki huo vurugu na kuonya kwamba mchezo wa namna hiyo ungeweza kuishia pabaya sana. Shostakovich alikuwa Arkhangelsk kwa maonyesho, akalinunua gazeti hukohuko. Opera ikatoweka katika majukwaa ya Urusi hadi mwisho wa Desemba 1962.

Iliporudi ilikuwa imepunguzwa makali. Katika toleo la 1932 tukio la chumbani halikuhitaji maneno: okestra ilisimulia yote, na mambo yalipokwisha tromboni ziliteleza kwenda chini taratibu, mzaha ambao hakuna mtu mzima angeshindwa kuuelewa. Katika toleo jipya muziki huo umekatwa. Wimbo ambao Katerina anauimba peke yake kabla ya kulala ulizungumzia wanyama wanaotafutana. Sasa unazungumzia kiota cha ndege chini ya paa. Noti za juu kupita kiasi zimeshushwa, na vipande viwili vya okestra vya kuunganisha maonyesho vimeandikwa upya.

Si haki kusema kila badiliko lilitokana na woga. Baadhi ya maneno makali yalikuwa yamelainishwa tayari katika chapa ya mwaka 1935, kabla Stalin hajakanyaga ukumbini. Tena, hadi alipofariki mwaka 1975, Shostakovich alipendelea majumba ya opera yatumie toleo jipya. Huenda alilipenda kweli. Huenda pia mtu aliyewahi kuchomwa kiasi kile hawezi tena kujua wapi inaishia hofu na wapi inaanzia ladha.

Moscow bila tromboni

Ndiyo maana rekodi ya Provatorov haifai kudharauliwa kama masalia ya udhibiti. Ni ya jumba lilelile la Stanislavsky na Nemirovich-Danchenko lililoirudisha opera hii jukwaani, likiwa na waimbaji walioifanyia mazoezi mtunzi mwenyewe akiwapo. Eleonora Andreeva, anayeimba Katerina, hana sauti ya malkia. Anasikika kama mwanamke wa mji mdogo aliyechoka kukaa ndani, na kila neno analitamka kama la kwake. Kwaya inajua inaimba habari za nani. Mitambo ya kurekodia ni ya zama zake, na besi za okestra zimefifia. Hata hivyo sehemu ya nne, ile ya njia ya Siberia, ambayo marekebisho hayakuigusa sana, inauma vilevile. Tromboni hazipo na moyo wa opera unadunda, jambo linaloonyesha kwamba moyo huo haukuwahi kukaa chumbani.

Toleo hilohilo ndilo lililotengenezewa filamu mwaka 1966, chini ya mwongozaji Mikhail Shapiro, na Galina Vishnevskaya akiwa Katerina. Waigizaji wengi waliazimwa sauti za waimbaji wengine, ila Vishnevskaya aliigiza na kuimba mwenyewe. Filamu imefupishwa, lakini uso wake peke yake ni somo.

London, mwaka wa kuvuliwa uraia

Vishnevskaya huyohuyo ndiye nguzo ya rekodi ya 1978. Yeye na mumewe, Rostropovich, marafiki wa karibu wa Shostakovich, waliihama Urusi mwaka 1974. Machi 1978 serikali ya Kisovyeti iliwavua uraia. Mwaka huohuo, pamoja na okestra ya London Philharmonic, waliirekodi opera ya rafiki yao kwa namna ilivyokuwa kabla ya marekebisho, na hiyo ikawa rekodi ya kwanza ya toleo la awali.

Hasira ya mwaka ule inasikika. Rostropovich haogopi uzito: pasakalia yake inapanda polepole kama mtu anayelazimishwa kutazama asichotaka kukiona. Vishnevskaya alikuwa na miaka 51, na huko juu sauti yake ina makali ya chuma. Anayetafuta utamu ataudhika. Anayemtafuta Katerina atagundua kwamba makali hayo ndiyo yanayomfaa mwanamke aliyeua mara mbili na bado anataka kupendwa.

Doa la rekodi hii ni Sergei. Nicolai Gedda alilelewa na baba mlezi mwenye asili ya Urusi, na Kirusi chake ni safi kuliko cha waimbaji wengi wa Magharibi. Lakini sauti yake ni ya kiungwana mno. Unamsikia anavyomtongoza Katerina, unamwamini, na ukishamwamini umepoteza nusu ya mchezo. Katika nafasi ya mkuu wa polisi yupo Aage Haugland wa Denmark, besi nene, anayelalamika kwamba mshahara hautoshi na rushwa haipatikani. Nafasi ni ndogo, lakini wimbo huo unaeleweka popote penye kituo cha polisi.

Paris na Amsterdam

Miaka 14 baadaye Haugland alipandishwa cheo: katika rekodi ya Chung na okestra ya Opera ya Bastille ndiye baba mkwe. Boris wake anatisha kwa sababu hapigi kelele bila sababu. Anajua nyumba ni yake. Sergei ni Sergej Larin, mzaliwa wa Latvia, na hapa Paris inaishinda London waziwazi. Larin ana sauti ya mwanamume mzuri anayejua kwamba ni mzuri, na baridi yake inasikika mapema kabla Katerina hajaigundua. Kurt Moll, mfungwa mzee wa sehemu ya nne, anaimba machache tu lakini hasahauliki.

Chung anaiweka kila ala mahali pake. Tromboni za chumbani zinasikika moja moja, na vijembe vya okestra ambavyo London vilizama kwenye moshi hapa vinaonekana vyote. Faida hiyo ina gharama. Maria Ewing ni mwigizaji hodari, analegeza sauti, ananong'ona, anakaribia kuzungumza. Kwenye kuchoka na kutamani anafaa sana. Pale ambapo Katerina anatakiwa kuishinda okestra, anaigiza nguvu badala ya kuwa nayo.

Video ya Jansons ina okestra bora kuliko zote, Concertgebouw ya Amsterdam, na kiongozi aliyekulia kimuziki Leningrad. Eva-Maria Westbroek ana sauti pana na yenye joto ambayo wenzake hawana. Mwongozaji wa jukwaa, Martin Kušej, amemweka Katerina ndani ya chumba cha vioo, amezungukwa na viatu vingi, akitazamwa na kila mtu. Picha hiyo inaeleza kifungo chake vizuri kuliko maelezo marefu. Lakini ukizima picha na kubaki na sauti, mambo mengi uliyodhani ni ya muziki utakuta yalikuwa ya jukwaa. Hivi karibuni Andris Nelsons na Boston Symphony wameongeza rekodi yao, Kristine Opolais akiwa Katerina, na mjadala umepata nguvu mpya.

Ziwa jeusi

Kipimo chenyewe kiko dakika chache kabla ya mwisho. Soksi zimekwenda, wafungwa wanawake wamemzonga Katerina kwa kicheko, na yeye anaimba kuhusu ziwa lililo ndani ya msitu, lenye maji meusi kama dhamiri yake. Okestra imeshuka chini kabisa. Hapa hakuna mahali pa kujificha.

Ewing anauimba wimbo huo kama mgonjwa anayeweweseka, na unamsikitikia. Westbroek anauimba kwa uzuri mno, na unausikitikia uzuri wenyewe. Andreeva anausema kama taarifa, na ukavu huo unakata. Vishnevskaya anatoa sauti iliyonyooka, bila kutetemeka, ya mtu aliyekwisha kuamua, na kwa mara ya kwanza katika opera nzima hamwombi yeyote amwelewe. Hapo ndipo msikilizaji anajikuta upande wa mwanamke aliyemtilia mzee sumu, akamnyonga mume, na baada ya kufumba na kufumbua ataua tena.

Mwenye nafasi ya rekodi moja achukue ya London, amvumilie Gedda. Mwenye nafasi ya mbili aongeze ya Moscow kabla ya ile ya Paris, ingawa Paris ni safi zaidi, asikilize sehemu ya nne ya kila moja mfululizo. Atagundua kwamba kati ya matoleo hayo mawili mkasi ulipita kwenye tromboni na kwenye matusi. Huruma kwa muuaji, ambayo serikali yenye magereza mengi ilikuwa na sababu zaidi ya kuiogopa, ilivuka marekebisho yote ikiwa nzima.