Nauli ya Meli, Ada za Bandari na Malipo Yasiyotajwa: Maelezo kwa Wasafiri Watokao Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Wananchi wanaarifiwa kwamba maelezo yafuatayo yametolewa kwa faida ya wote wanaosafiri baina ya Tanzania Bara na Visiwa vya Unguja na Pemba kwa njia ya bahari, na hasa kwa ndugu zetu watokao mbali na pwani. Miongoni mwao ni watu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, yaani wilaya za Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa hivi sasa wamo katika hoteli zetu, katika ujenzi na katika vyuo. Wazee wao huwafuata kwa harusi, kwa msiba au kwa kuwajulia hali. Msafiri wa aina hii hakuzoea bandari, na asiyezoea bandari ndiye anayelipishwa mara mbili.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba bandarini zipo fedha za aina tatu, na kuzichanganya ndio mwanzo wa matatizo.

Aina ya kwanza ni malipo yanayodaiwa chombo chenyewe. Meli inapoingia hulipia rubani anayeiongoza, hulipia kuvutwa pale inapohitajika, na hulipia nafasi ya gati kwa kadiri ya ukubwa wake na muda inaokaa. Malipo haya ni gharama ya biashara ya mwenye meli, kama vile mafuta na mishahara ya mabaharia. Yamo ndani ya nauli, na hakuna abiria anayepaswa kudaiwa peke yake akiwa amesimama mlangoni.

Aina ya pili ni ada ya huduma za bandari inayomhusu abiria. Hii ni fedha ya Serikali. Kwa upande wa Zanzibar inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyorithi kazi za Bodi ya Mapato kwa sheria ya mwaka 2022. Mwenye meli huikusanya kupitia tiketi kisha akaiwasilisha. Yeye ni mchukuzi tu wa amana. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 mgeni alilipa dola 5 za bandari mbali na nauli, na aliyekuwa amekwisha badilisha fedha zake zote alihangaika huku chombo kinapiga honi. Utaratibu wa kuitia ada ndani ya tiketi umeondoa usumbufu huo.

Aina ya tatu inahusu mizigo, nayo ndiyo inayowashitua zaidi watu wa bara. Abiria ana haki ya kuchukua mzigo wa mkononi kwa kiasi kilichowekwa na kampuni na kuandikwa katika masharti ya tiketi. Gunia la mchele wa Maswa, debe la dengu na mfuko wa michembe aliyoletewa mtoto si mzigo wa mkononi kwa hesabu ya bandari, ni shehena, na shehena hupimwa, hulipiwa na kupewa stakabadhi yake. Wachukuzi nao wana ujira wao, ambao si ada ya Serikali bali ni mapatano ya watu wawili. Basi bei ipatanwe kabla gunia halijanyanyuliwa, kwani likishafika kichwani mwa mchukuzi bei huwa nyengine.

Tuchukue mfano wa mzee wa Somanda, mjini Bariadi, aliyeuza pamba yake akaamua kumfuata binti yake anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu. Ameambiwa nauli ya basi na nauli ya boti, amejumlisha, akazidisha kwa mbili, akaongeza kidogo. Basi litapita Maswa, Shinyanga, Singida na Dodoma na kumfikisha kituo cha Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na bandari, naye atahitaji usafiri mwengine mpaka mjini. Akikosa boti ya mwisho atalala Dar es Salaam. Mzigo utapimwa. Akishuka Malindi atahitaji gari ya kumpeleka Tunguu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho haramu au cha siri, lakini hakuna aliyemtajia, na kwa mtu mwenye fedha ya kuhesabu huo ndio mpaka baina ya kurudi nyumbani kwa heshima na kurudi kwa mkopo. Mkulima wa pamba haelezwi mengi kuhusu jambo hili, kwani anaijua vyema tofauti ya bei iliyotangazwa kwa kilo na fedha aliyoishika mkononi baada ya mizani na makato.

Mzee huyo ni raia wa Tanzania, na kwa hiyo hatakiwi pasipoti wala viza kuingia Zanzibar. Achukue kitambulisho chake. Aidha, bima ya safari ya dola 44 iliyoanza kutozwa tarehe 1 Oktoba 2024 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar inawahusu wageni kutoka nje ya nchi, haimhusu yeye. Atakayemwambia mtu wa Bariadi kwamba asiponunua bima hiyo hatapanda boti anataka kumwibia, na aripotiwe kwa askari wa bandari papo hapo.

Suala la bei iliyotangazwa na bei inayolipwa si letu peke yetu, na mahali lilipojulikana zaidi ni katika meli kubwa za kitalii, zile zinazotia nanga mbele ya Forodhani zikiwa na watu zaidi ya elfu. Huko Marekani, kampuni za meli hizo zilikuwa zikitangaza bei ndogo, kisha zikaongeza kifungu kiitwacho ada za bandari. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba sehemu ya fedha hizo haikufika katika bandari yoyote bali ilibaki kwa kampuni. Mwaka 1997 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Florida alifikia makubaliano na kampuni kadhaa kwamba jina la ada za bandari litumike tu kwa fedha zinazolipwa kwa mamlaka za Serikali. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo, katika shauri la Latman dhidi ya Costa Cruise Lines, iliamua kwamba kumtoza abiria kwa jina la bandari na kuibakisha fedha ni udanganyifu kwa mtumiaji. Hoja ya kampuni kwamba abiria aliiona jumla kabla ya kulipa haikuwaokoa.

Uamuzi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mtu akiambiwa kwamba fedha ni faida ya muuzaji, atabishana. Akiambiwa ni ya Serikali, atanyamaza na kulipa. Kwa hiyo anayelitumia jina la Serikali kujinufaisha humnyang'anya mnunuzi haki ya kubishana, na wakati huo huo huitia Serikali lawama isiyo yake. Wengi wanaolalamika kwamba bandari zetu ni ghali hawajapata kuiona orodha ya ada za bandari. Walichokiona ni karatasi ya wakala.

Hata baada ya hukumu hiyo, desturi ya kutangaza bei pungufu iliendelea kwa njia nyengine. Tuseme tangazo linasema dola 900 kwa usiku saba. Ongeza kodi na ada dola 160. Ongeza bakshishi ya watumishi, ambayo katika kampuni nyingi huandikwa katika hesabu ya abiria bila ya kuulizwa, tuseme dola 17 kwa siku, nazo ni dola 119. Sasa imefika 1,179 kabla ya soda ya kwanza. Sheria ya Jimbo la California iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 ilizilazimisha kampuni kuziweka kodi na ada ndani ya bei inayotangazwa, na kampuni kubwa zikaamua kufanya hivyo kwa Marekani nzima. Uingereza nayo iliweka katazo la namna hiyo mwezi Aprili 2025. Bakshishi, hata hivyo, bado iko nje ya bei katika matangazo mengi.

Mambo haya yanaigusa Simiyu kwa upande mwengine pia. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani na Lamadi, wilayani Busega, na wapo vijana wa huko wanaotafuta kuuza safari kwa wageni wanaotoka Unguja. Nao wajihadhari na kosa hilo hilo. Kiingilio cha mgeni kinachoandikwa dola 70 bila ya kodi ya ongezeko la thamani huwa dola 82 na senti 60 baada ya kuongezwa asilimia 18. Mwongozaji anayemtajia mgeni dola 70, kisha akamdai 12 na senti 60 langoni, hata kama fedha yote imekwenda kwa Serikali, ameshampoteza mgeni huyo na jamaa zake.

Vivyo hivyo kwa hoteli za huku Visiwani: kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila usiku itajwe wakati wa kupokea oda, isingojewe siku ya kuondoka.

Liko jambo moja zito kuliko fedha. Nje ya milango ya bandari, Dar es Salaam na kwengineko, wapo wauzaji wa vichochoroni wanaotoa tiketi kwa bei nafuu kidogo. Mara nyingi ni tiketi iliyokatwa kwa jina la mtu mwengine. Msafiri huona ameokoa elfu chache, kumbe ameliuza jina lake, kwani jina lililo katika orodha ya abiria si lake. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua maana yake. Ilipozama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na idadi ya waliokufa imebaki ya kukisia hadi leo. Sisi tuliyaona hayo tarehe 10 Septemba 2011 katika bahari ya Nungwi. MV Spice Islander I ilisajiliwa kubeba watu mia sita na ushei, na tume ya uchunguzi ikaeleza kwamba waliokuwemo walizidi 2,000. Familia zilihangaika kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwemo. Kwa hiyo tiketi inunuliwe kwa kampuni yenyewe au kwa wakala wake anayejulikana, kwa jina la mwenye safari, na jina lilinganishwe na kitambulisho kabla ya kuondoka dirishani.

Ada halali ya Serikali hulipwa kwa tiketi, kwa stakabadhi au kwa namba maalumu ya malipo ya Serikali. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, awe amevaa sare au hakuvaa.

Mwenye malalamiko juu ya chombo kilichosajiliwa Zanzibar ayapeleke Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Kwa vyombo vya Bara na vya Ziwa Victoria, pamoja na boti na meli zitokazo Mwanza, yapelekwe Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Malalamiko ya matangazo ya bei ya udanganyifu hupokelewa na Tume ya Ushindani upande wa Bara na Tume ya Ushindani Halali upande wa Zanzibar. Barua itaje jina la chombo, tarehe na saa ya safari, fedha iliyotajwa kwanza na fedha iliyolipwa, na iambatanishwe na nakala ya tiketi. Tiketi ya asili abaki nayo mlalamikaji.