Nakala ikichelewa, usikaze saa

Wewe unayejifunza Hadoop kwenye chumba cha kukodi Kahawa Wendani na laptopu nne za mtumba, betri zimechoka, moja ikizimika usishtuke. Mfumo wake wa faili, HDFS, kwa kawaida hutunza kila kipande cha data mara 3. Mashine humwambia msimamizi kila sekunde 3 kwamba iko hai. Ikinyamaza dakika 10 na nusu huhesabiwa imekufa, na nakala mpya huagizwa kwingine.

Sasa utamu uko hapa. Agizo likitoka, saa inaanza: dakika 5. Nakala isipofika, msimamizi hagombani na mtu. Anarudisha kipande kwenye foleni, kiagizwe upya. Na ile iliyochelewa ikitokea baadaye? Zinakuwa nne, moja inafutwa. Basi.

Wasee wengine hupunguza zile dakika 5 wakidhani wanaharakisha mambo. Kwa waifai ya ploti nzima, huko ni kujitafutia: kazi ambayo ingeisha dakika ya sita inaanzishwa tena, mtandao unazidi kukwama, na nyingine nazo zinachelewa. Afadhali uziongeze. Ila wakati huo wote kipande kina nakala 2 tu, na kwako zote zinategemea soketi moja.