SUPU HAINA NYAMA, HAINA CHUMVI... NA BADO UNARUDIA BAKULI!

HIVI wewe msomaji wangu, ukisikia mtu anasema "karibu supu" unafikiria nini? Makongoro, utumbo, kuku wa kienyeji, limau na pilipili pembeni, si ndiyo? Sasa fikiria supu isiyo na nyama, chumvi wala kitunguu. Ndani mna matunda makavu, sukari na mdalasini, basi. Unacheka? Hata mimi nilicheka, tena mbele ya shangazi yangu. Nilitupiwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Mwanangu," akaniambia, "usicheke sufuria ya mwenzio kabla hujaonja."

Supu yenyewe ni ya kwao watu wa Norway, kule Ulaya ya kaskazini kabisa. Wanaiita søtsuppe, maana yake supu tamu. Ilifikaje Ngara? Tulia, nikupe mkanda mzima.

ILIANZIA BENACO

Shangazi ni mzaliwa wa Biharamulo, akaolewa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 tu, wakapiga kambi pale Benaco. Jina hilo lenyewe ni la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kukaa hapo. Mashirika ya misaada yakamiminika, na vijana wengi wa Ngara na Biharamulo wakapata vibarua. Shangazi akapata kazi ya jikoni kwenye nyumba waliyokaa wauguzi wa kizungu.

Krismasi ya 1995 muuguzi mmoja wa Norway akapokea kifurushi kutoka kwa mama yake. Wapishi walidhani ni nguo au chokoleti. Kumbe ni plamu zilizokaushwa mpaka zimekuwa nyeusi tii, zabibu kavu, aprikoti kavu na vijiti vya mdalasini. Dada wa watu akaviloweka usiku kucha, asubuhi akavichemsha, akawagawia wote wa jikoni.

Wenzake shangazi walikufa kwa kicheko. Ati mzungu ana hela zake zote halafu anachemsha matunda yaliyosinyaa! Shangazi peke yake hakucheka. Alionja, akakumbuka kwao.

MICHEMBE NA PLAMU NI NDUGU

Wewe wa Biharamulo hapa huhitaji mwalimu. Viazi vitamu vikiwa vingi huviachi vioze. Unavimenya, unavikata vipande, unavianika juani, hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, unapata matobolwa. Wakati wa njaa unatoa kwenye ghala, unachemsha, unakula na karanga au maziwa, siku inakwenda.

Norway nao shida yao ni hiyo hiyo, ila wao adui ni baridi. Matunda yao yanaiva kiangazi, halafu miezi inapita theluji imefunika kila kitu. Mababu zao wakakausha matufaa na plamu. Baharini wakaletewa zabibu na mdalasini kutoka nchi za joto. Siku ya sherehe, vyote sufuria moja! Hata walipoanza kuhamia Marekani, ile meli ya kwanza ya mwaka 1825 na nyingi zilizofuata, supu yao hawakuiacha. Mpaka leo kule Minnesota wapo wajukuu zao wanaoipika Krismasi, ingawa Norway yenyewe hawajawahi kuiona.

"Yule mama aliyetuma kifurushi," shangazi anasema, "angekutana na bibi yako wangeelewana bila mkalimani."

NANASI ZIKAOZA UANI

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, wafanyakazi wengi wa kigeni nao wakaanza kufunga virago. Shangazi akarudi shambani. Migomba, kahawa kidogo, na nanasi. Nani asiyejua nanasi za Ngara? Utamu wake usipime.

Lakini nanasi haina subira, bwana. Mwaka juzi mnunuzi mmoja alimwambia avune, gari linakuja Jumatatu. Jumatatu mvua, Jumanne barabara mbovu, Jumatano simu haipokelewi. Nanasi zimerundikwa uani, nyuki wanasherehekea, na mjukuu anatakiwa sare ya shule. Shangazi alilia, msomaji wangu. Mjane yule, nanasi zile ndizo zilikuwa benki yake.

Usiku ule ndipo alipokumbuka kile kifurushi. Alfajiri akashika kisu.

Usidhani mambo yalinyooka. Mkupuo wa kwanza alikata vipande vinene kama vya kula, akaanika kwenye mkeka chini. Kuku wakapita, vumbi likapita, na vilivyobaki vikaota ukungu siku ya tatu. Akavitupa. Mkupuo wa pili akatumia akili ya michembe, ndio aliookoa nao kilichobaki.

FANYA HIVI

Kata nanasi nyembamba, unene wa kidole kidogo usizidi nusu. Ndizi sukari mbivu zipasue kwa urefu. Panga kwenye chanja kilichoinuka, funika na kitambaa chepesi cha kupitisha hewa. Chandarua chenye dawa hapana! Jioni ingiza ndani kabla ya umande. Jua likiwa kali, siku tatu mpaka nne inatosha. Kipande kikiwa tayari hupinda bila kutoa maji. Nanasi zaidi ya asilimia 80 ni maji, hivyo usishangae karai zima likirudi bakuli. Hifadhi kwenye chupa safi yenye kifuniko cha kubana. Ukiona ukungu, tupa, usionee huruma.

Sasa supu. Loweka usiku kucha kikombe kimoja cha nanasi kavu, nusu ya ndizi kavu na nusu ya zabibu kavu za dukani, kwenye vikombe sita vya maji. Asubuhi tia kijiti cha mdalasini na sukari vijiko vitatu vikubwa, chemsha kwa moto mdogo kama nusu saa.

Wenyewe Norway huifanya nzito kwa sago, zile punje nyeupe ambazo siku hizi wanazitengeneza kwa viazi mviringo. Sisi tuna muhogo. Chukua muhogo mtamu (ule mchungu una sumu, uache), menya, kuna, kamua kwenye maji kwa kitambaa, acha utuame. Mwaga maji, wanga mweupe unabaki chini. Vijiko vitatu vya wanga huo koroga na maji baridi, mimina huku unakoroga. Ikianza kung'aa, epua. Kamulia nusu limau. Ya moto poa, ya baridi ndio usiseme!

Ila mwenye kisukari aende nayo taratibu, maana tunda kavu ni sukari iliyokusanyika.

HAKUWA TAJIRI, LAKINI...

Siku hizi shangazi anauza kikombe shilingi 500 asubuhi, jirani na mama wa chapati. Wateja wa kwanza walikuwa watoto. Baadaye wakaja madereva, wale wanaume wa supu ya makongoro. Mmoja alimuuliza, "Mama, nyama iko wapi?" Akamjibu, "Kunywa kwanza." Alirudia vikombe viwili.

Hakujenga ghorofa, nisikudanganye. Mvua ikikaa wiki nzima, chanja hakifanyi kazi na nanasi nyingine zinaharibika vilevile. Lakini mnunuzi akimwambia "mama, bei yangu ndiyo hii, hutaki acha zioze", siku hizi anamjibu, "Mwanangu, nenda salama." Sare ya mjukuu ilishonwa.

Tatizo letu tunaona haya na vya kwetu. Michembe tunaiita chakula cha njaa, tunaificha mgeni akibisha hodi. Mwenzetu wa Norway plamu yake iliyosinyaa anaipika siku ya Krismasi, anaiweka katikati ya meza. Nani mjanja hapo?

Nilipomaliza bakuli langu nikamwomba shangazi msamaha kwa kile kicheko. Akanyamaza, akaniongezea. Haya, msomaji, kanoe kisu. Tukutane wiki ijayo!