Ndege Juu ya Gunia la Unga

Katika minada ya Brussels na Paris hutokea picha za rangi zilizochorwa Katanga, kusini mwa Kongo, miaka hamsini iliyopita au zaidi, na mnunuzi aliyevutiwa na ndege inayoshuka juu ya mapaa ya mabati, akisha kulipa na kuipeleka picha nyumbani kwake, hutanabahi kwamba dalali amempa risiti lakini hakumpa habari: nani aliyeichora, mwaka gani, ndege ile ni ipi, na mtu wa kwanza aliyeitundika sebuleni mwake alitaka kukumbuka nini. Sisi tukaao Mulungwishi, kwenye reli itokayo Likasi kwenda Tenke, maswali hayo hatuyaoni kuwa ya ughaibuni.

Kwanza picha igeuzwe. Wachoraji wa mitaani wa Likasi na Lubumbashi aghalabu waliwamba kitambaa cha magunia ya unga mahali pa turubai ya dukani, na chapa ya kiwanda, ikiwa haikufutika, ni ushahidi bora kuliko maneno mengi ya muuzaji. Kisha yasomwe maandishi ya mbele, lakini kwa hadhari. Mji wa Jadotville ulirudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Walakini mchoraji wa mwaka 1973 aliyesimulia mambo ya kale aliweza kuandika Jadotville bila ya kukosea, kwa kuwa jina lilifuata wakati wa tukio, si wakati wa brashi. Neno Zaire ni ithibati yenye nguvu zaidi, maana nchi haikuitwa hivyo kabla ya Oktoba 1971.

Ndipo tuifikie ndege yenyewe. Ikiwa na rafadha nne, na chini yake wamesimama mateka watatu waliofungwa, basi bila shaka mchoraji aliikusudia ile DC-4 iliyotua kwenye uwanja wa ndege wa Luano, Elisabethville (Lubumbashi ya leo), tarehe 17 Januari 1961, ikiwaleta Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kongo, na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa usiku ule ule. Ikiwa haina rafadha, na mkia wake umepanuka kama herufi V, hiyo ni Fouga Magister, ndege ya Kifaransa ambayo serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilipokea tatu Februari 1961. Moja ndiyo iliyowashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, wasiozidi mia na sitini, waliozingirwa Jadotville kuanzia tarehe 13 Septemba hata waliposalimu amri tarehe 17. Usiku huo huo, kuamkia tarehe 18, DC-6B iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. Nayo pia ilikuwa na rafadha nne, hivyo kuhesabu rafadha peke yake hakumfikishi mtafiti mbali.

Naamini kosa la wapenzi wengi wa ndege ni kudhani kwamba, wakisha kuitambua aina, kazi imekwisha. Tshibumba Kanda Matulu, mashuhuri kuliko wenziwe wote katika fani hii, alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Lumumba alipoletwa Luano, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu au minne. Alichora yale yaliyosemwa, yaliyosikika redioni, yaliyonong'onwa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi nzima, picha zaidi ya mia moja, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga huku maneno yakirekodiwa. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996, na picha zikahifadhiwa Tropenmuseum mjini Amsterdam. Huyo mnunuzi wa Paris, basi, akitaka ufunguo wa picha yake, hana budi kujifunza lugha yetu, jambo ambalo, nakiri, linanifurahisha. Wachoraji na wateja wao waliziita picha hizi ukumbusho: zilitundikwa nyumbani ili mgeni aulize na mwenyeji asimulie, na picha iliyotenganishwa na masimulizi yake imebaki nusu.

Wala masimulizi ya watu wa kawaida si ya kudharauliwa mbele ya hati za serikali. Baada ya ajali ya Ndola, wachoma makaa Waafrika walieleza waliyoyaona angani usiku ule, na tume ya watawala wa Rhodesia ikayaweka kando. Umoja wa Mataifa ulipoifungua tena kesi mwaka 2015, kiongozi wa jopo alikuwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa upya ni ushahidi wa watu waliosema wameona zaidi ya ndege moja.

Kwa hiyo, msomaji wa Likasi, wa Kambove, au wa hapa Mulungwishi, ikiwa ukutani kwa babu yako ingalipo picha ya namna hiyo, na shida ikakulazimisha kuiuza, usiitoe kabla ya kuketi na wazee wa nyumba. Nyuma yake, kwa kalamu isiyofutika, andika jina la mchoraji, mwaka ilipoingia nyumbani, na maneno ambayo babu aliwaambia wageni walipoiuliza.