Kolwezi: namna ya kusoma mji uliojengwa juu ya mukuba

Wandugu, kila mara mmoja wetu anapotuma kwenye kikundi picha za miji ya zamani ya Bulaya, zile nyumba za mbao, minara ya kanisa, barabara nyembamba za vijiwe, maneno yanayofuata ni yaleyale: wenzetu wako na historia, sisi hapa tuko na mashimo tu. Mimi nilisoma kilimo, si usanifu wa majengo. Lakini mtu wa kilimo anafundishwa kusoma udongo tabaka kwa tabaka, na mji nao unasomeka hivyohivyo. Leo nataka tusome Kolwezi. Haraka iko, kwa sababu kurasa zingine zinang'olewa mbele ya macho yetu.

Kwanza, mji mmoja wa zile picha

Goslar iko Ujerumani, chini ya milima ya Harz. Pembeni kabisa ya mji kuna mlima unaoitwa Rammelsberg. Ndani yake kulitoka fedha, mukuba, risasi na zinki kwa karibu miaka 1.000. Katika karne ya 11 mfalme Heinrich III alijenga jumba lake pale, karibu na utajiri huo. Wafanyabiashara nao wakajenga nyumba za fremu za mbao, katikati wakajaza udongo ama matofali.

Mwaka 1552 mji ulilazimishwa kumwachia mtawala jirani, duke wa Brunswick, haki zake juu ya mgodi. Pesa zikapungua. Na mtu asiye na pesa habomoi nyumba ya babu ili ajenge mpya. Anaziba paa, anaendelea kuishi. Njo maana nyumba nyingi za zamani zilibaki zimesimama. Mgodi ulifungwa 1988, na mwaka 1992 UNESCO iliandika mgodi pamoja na mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia.

Shikeni jambo hilo moja: Goslar ni mji wa mgodi, kama wetu. Haukuzaliwa kuwa mahali pa watalii. Ulikuwa mji wa kazi, moshi na jasho, kisha ukabahatika kudumu.

Tabaka la chini: walya mukuba

Kabla mzungu yeyote hajachora plani, wahenga wetu walikuwa wanayeyusha mukuba katika nchi hii. Wakati wa kiangazi walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makala katika tanuru za udongo. Mukuba uliotoka walimwaga katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Wanaakiolojia wameikuta pia ndani ya makaburi ya kale ya bonde la Upemba.

Waliujuaje mukuba uko wapi? Hapa mtu wa kilimo anaweza kujibu. Udongo wenye mukuba mwingi ni sumu kwa mizizi ya miti. Katikati ya msitu wa miombo unakuta kilima kiko wazi, nyasi tupu na maua machache yaliyozoea sumu ile. Moja linaitwa Haumaniastrum katangense, na wataalamu wanalijua kama ua la mukuba. Kilima kisicho na miti kilikuwa kama kibao cha barabarani. Wahenga walikisoma, na wajiolojia wa Bulaya walipofika walipelekwa kwenye mashimo yaliyokuwa yamekwisha kuchimbwa.

Tabaka la pili: reli na kampuni

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1931 njia ya gari moshi kutoka Tenke kupitia Dilolo iliunganishwa na reli ya Benguela, na madini yakapata njia ya kwenda bandari ya Lobito, Angola. Eneo letu, lililokuwa mbali na kila kitu, likajikuta juu ya njia fupi ya kwenda bahari. Mwaka 1937 kampuni ikaanzisha Kolwezi kama makao ya migodi yake ya magharibi.

Kwa hiyo mji wetu haukukua kidogo-kidogo kuzunguka soko au kanisa kama miji mingi. Ulichorwa kwenye karatasi ofisini. Ukitembea leo, unatembea bado juu ya karatasi ile.

Namna plani inavyosema

Simama katikati ya mji, upande wa Dilala. Avenyu ni pana, parseli ni kubwa, nyumba imesukumwa nyuma, mbele kuna bustani. Angalia nyuma ya nyumba: kuna kajengo kadogo peke yake, boyerie, pale alipolala mtumishi. Huo ulikuwa mji wa wazungu. Ukuta haukuhitajika kuandikwa kitu. Ukubwa wa parseli ulitosha kusema nani ni nani.

Sasa nenda Manika. Parseli ni ndogo, avenyu zinakatana kama mistari ya daftari. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitoa dekreti juu ya zile walizoita "centres extra-coutumiers", yaani makao ya Wakongo walioishi mjini nje ya utawala wa machifu wao. Mweusi alitakiwa mjini kwa kazi, ila alikaa upande wake.

Halafu kuna sehemu ya tatu: makampi ya kampuni, kama Musonoï, Luilu, Kapata na ile tunayoita Cité Gécamines. Mwanzoni Union Minière ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kwa magonjwa ama walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza siasa yake: mkataba wa miaka 3, mfanyakazi aje na bibi na watoto. Hesabu ilikuwa ya faida, si ya huruma, kwa sababu mtu mwenye familia hakimbii. Lakini uamuzi huo wa hesabu njo uliozaa usanifu wa makampi yetu: nyumba ya familia, dispansari, maternité, shule ya wamisionari, kanisa, uwanja wa mpira, mahali pa kugawa posho.

Tazama ile mistari ya nyumba. Imenyooka mno. Kapita akisimama kwenye kona aliona avenyu yote, nani ametoka, nani hakwenda kazi. Na nyumba haikuwa yako: ukipoteza kazi, unapoteza paa. Wazee wetu waliposema kampuni ni baba na mama, walisema ukweli wa pande mbili. Baba anakulisha, na baba anakufukuza.

Matofali, malata na barza

Twende karibu zaidi. Kolwezi iko juu, karibu mita 1.400. Juni na Julai asubuhi baridi si mchezo; Oktoba jua linachoma; kuanzia Novemba mvua inapiga. Nyumba ya zamani ya kampi inajibu hayo matatu. Ukuta wa tofali nene unashika joto la mchana na kulirudisha usiku. Paa la malata linatoka nje ya ukuta ili mvua isipige tofali. Barza inaweka kivuli mbele ya mlango, na njo palipokuwa sebule halisi: pale mama anachambua sombe, pale mgeni anapokelewa. Chini ya paa kuna matundu ya hewa. Linganisha na nyumba nyingi mpya: ukuta mwembamba wa bloki, madirisha makubwa yanayotazama magharibi, kisha mwenyewe anatafuta klimatizeri na umeme hakuna.

Na tofali lenyewe linatoka wapi? Mara nyingi kutoka kwa kichuguu. Katanga yetu ina vichuguu vikubwa vya mchwa aina ya Macrotermes, vingine vinapita mita 5 kwenda juu. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini na kuushikiza. Ndani ya kichuguu mfinyanzi ni mwingi kuliko shambani pembeni, njo maana tofali lake linakamata vizuri, na njo maana wakulima nao wanapenda kupanda juu yake. Kuna deni hapo: tofali linachomwa kwa kuni, na kuni ni miombo. Kila ukuta mwekundu wa Kolwezi umekula miti.

Tabaka la umeme na la vita

Migodi ilihitaji umeme. Katika miaka ya 1950 mto Lualaba ulifungwa mara mbili karibu na hapa. Mabwawa hayo yaliitwa Delcommune na Le Marinel, majina ya Wabelgiji walioongoza misafara ya mwaka 1891 hivi katika Katanga. Leo tunayaita Nzilo na Nseke. Tukibadilisha jina tunabadilisha ukurasa, lakini beto ni ileile.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga imejitenga. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho. Alitishia hata kulipua mabwawa. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini Januari 1963, na kujitenga kukaisha. Mwaka 1967 serikali ikachukua migodi, na kampuni iliyozaliwa njo baadaye ikaitwa Gécamines. Makampi yakabadilisha mwenyewe, nyumba zikabaki. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC waliotoka Angola walishika mji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka, kisha Wabelgiji. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Dunia inakumbuka hasa wageni waliouawa. Familia nyingi za hapa zilizika watu wao bila jiwe lenye jina.

Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka pamoja nao. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondolewa katika ile operesheni ya "départs volontaires". Katika miaka hiyo ya shida, nyumba nyingi za makampi zilipita mikononi mwa wafanyakazi wenyewe. Wakaongeza chumba, wakafunga barza kuifanya duka, wakapaka rangi. Kwa mara ya kwanza mstari ule ulionyooka ulianza kupinda. Kwangu hiyo nayo ni usanifu: watu wakiandika juu ya karatasi ya kampuni.

Ukurasa unaong'olewa

Hapa njo tunatengana na Goslar. Kule madini yalikuwa mlimani, nyumba bondeni. Hapa madini yako chini ya kitanda. Mwaka 2014 katika Kasulo, kobalti ilionekana chini ya parseli za watu, na kwa muda mfupi mashimo yalijaa hadi ndani ya nyumba. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa mji mkuu wa provinsi mpya ya Lualaba. Bei ya kobalti na mukuba ikavuta kampuni kubwa, na karieri zikasogea kwenye mitaa. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya kuhamishwa kwa watu kwa nguvu katika eneo la Kolwezi, Cité Gécamines ikiwemo.

Goslar ilihifadhiwa na umaskini. Sisi utajiri njo unatubomoa. Sitaki mtu aniambie basi tuombe umaskini. Tuliuona, tunaujua. Ninachosema ni kwamba kwetu nyumba haitabaki yenyewe kwa bahati. Itabaki ikiwa kuna aliyeamua ibaki.

Na mtu anapohamishwa, analipwa nini? Wanahesabu matofali, malata, milango, miti ya maembe. Hakuna mstari wa kuandika kwamba avenyu ile ilikuwa na majirani wa miaka 40, kwamba shule na kisima vilikuwa hatua 200. Kikiharibika kitu ambacho hakikuandikwa mahali popote, unakidaije?

Sheria ya kulinda mali za utamaduni iko tangu 15 Machi 1971. Lakini angalieni orodha ya urithi wa dunia: kongo yetu ina maeneo 5, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi, yote ya asili. Miti na wanyama tu. Hakuna hata nyumba moja. Ni kama hapa hakujaishi mtu.

Kazi yetu

Hatuhitaji kungoja waziri. Wengi wetu tuko na simu yenye kamera, na tulifundishwa kukusanya data. Chagua avenyu moja unayoijua. Andika mambo matano: nani alijenga na mwaka gani, tofali ni la aina gani, paa limebadilishwa mara ngapi, nini kiliongezwa baadaye, na majina ya mahali, la zamani na la sasa. Piga picha mbele, nyuma na barza. Uliza baba ama mama mzee wa pale, kwa heshima, na umwombe ruhusa kabla ya kurekodi. Weka nakala mahali pawili. Walio mwaka wa mwisho, mémoire inaweza kuwa hiyo: wa sheria, wa ujenzi, wa historia, na sisi wa udongo pia.

Kampuni zote zilizopita hapa zilikuwa na ramani za kilichoko chini ya Kolwezi, mita kwa mita. Ramani ya kilichoko juu, nyumba na watu wake, hakuna atakayetuchorea kama hatuichori sisi. Tuanze na avenyu zilizo karibu na karieri, kwa sababu zile njo za kwanza kwenda.